Daktari Amesemaje? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Lugha ya Saratani Hospitalini, kwa Wagonjwa na Ndugu wa Kigoma

Mimi ni muuguzi mkoani Kigoma. Mgonjwa akitoka kwa daktari, mara nyingi swali la kwanza huniangukia mimi pale koridoni: "Sista, kasemaje?" Ndani alikuwa akiitikia "ndiyo dokta, nimeelewa dokta", kwa heshima na kwa woga. Akifika nje anagundua kwamba hakuelewa, na ndugu aliyemsindikiza naye hakuelewa. Nimekusanya hapa maswali ninayoulizwa zaidi. Majibu haya hayachukui nafasi ya daktari wako. Yatakusaidia umwelewe, na pale usipoelewa urudi kwake na swali.

Daktari amesema "kuna kitu tunakishuku". Hiyo tayari ni saratani?

Hapana. Ameona au amepapasa kitu kisichompa amani na anataka uhakika. Mikono ya daktari, ultrasaundi na hata CT skani vinaweza kuongeza shaka au kuipunguza, lakini kwa saratani nyingi kinachothibitisha ni kinyama, yaani kipande kidogo kilichochukuliwa mwilini, kikatazamwa kwa hadubini. Kwa saratani za damu, kinachotazamwa ni damu yenyewe na uboho wa mifupa.

Utasikia pia "uvimbe wenye sura mbaya", "kidonda kisichoeleweka", "seli zimebadilika". Daktari husema hivyo kwa sababu mojawapo kati ya mbili: bado hana uhakika, au anao na analiogopa neno lenyewe. Wewe uliyekaa mbele yake huwezi kujua ni ipi, kwa hiyo muulize wazi: "Dokta, unadhani ni saratani?" Akiulizwa hivyo kwa utulivu, daktari hujibu.

Kwenye faili wameandika "Ca" na alama ya kuuliza. Ni nini?

"Ca" ni kifupi cha karsinoma, yaani kundi kubwa la saratani zinazoanzia kwenye ngozi na kwenye utando wa viungo vya ndani. Kwenye mafaili yetu huandikwa kwa karibu saratani yoyote. Alama ya kuuliza mbele yake inasema "tunadhani, bado hatujathibitisha". Ukiona "mets", wameandika kwamba ugonjwa umesambaa. "FNAC" ni kufyonza seli kwa sindano nyembamba.

Watu huogopa kila neno linaloishia na "oma", na hofu hiyo si ya haki kwa maneno yote. Lipoma ni uvimbe wa mafuta, hauna ubaya. Faibroma si saratani. Limfoma, melanoma na sakoma ni saratani. Ukisoma neno hilo kwenye karatasi usikae nalo kichwani usiku kucha. Liulize.

Mbona kaniandikia rufaa ya Ocean Road bila kutaja ugonjwa?

Hili linaniumiza kila ninapoliona. Taasisi ya Saratani Ocean Road iko Dar es Salaam, kwenye majengo ya hospitali iliyojengwa enzi za Wajerumani, na imekuwa taasisi kamili tangu 1996. Kazi yake ni saratani. Kwa hiyo jina la mahali limegeuka kuwa namna ya kutaja ugonjwa bila kuutaja: ndugu wote wanaelewa, mgonjwa anaachwa akisie, au aelezwe na abiria mwenzake ndani ya treni. Kutoka Kigoma hadi Dar kwa reli ni zaidi ya kilomita 1,200. Ni njia ndefu mno kuisafiri hujui unachokwenda kutibiwa.

Kabla hujapokea barua ya rufaa, uliza mambo mawili: ugonjwa unaoshukiwa au uliothibitishwa ni upi, na unakwenda kufanyiwa nini huko. Uliza pia kama Bugando, Mwanza, panaweza kukufaa. Kwa sisi wa magharibi ni karibu zaidi, na wana kemo (dawa za kuua seli za saratani) na mionzi.

Nimepewa kichupa chenye kinyama nikipeleke maabara Mwanza. Kwa nini mimi? Na je, kukata hakusambazi ugonjwa?

Kipimo hiki kinahitaji mtaalamu wa patholojia, yaani anayekitazama kinyama kwa hadubini, na wataalamu hao ni wachache, wengi wako kwenye hospitali kubwa. Kwa hiyo mara nyingi ndugu ndiye hubeba. Unachopewa ni kichupa cha plastiki chenye mdomo mpana, ndani kuna kipande cha nyama kinachoelea kwenye maji yenye harufu kali inayochoma macho. Maji hayo ni fomalini. Ndiyo inayokizuia kinyama kisioze njiani. Usiimwage ukidhani imechafuka, usiongeze maji, usibadilishe na spiriti, usiweke kichupa kwenye friza. Kifungwe vizuri ndani ya mfuko wa plastiki, kisimame wima, mbali na chakula na mbali na watoto.

Kabla hujaondoka kaunta, soma jina lililoandikwa kwenye kichupa chenyewe, si kwenye kifuniko tu, kisha ulinganishe na jina la kwenye fomu. Herufi zifanane. Nimeona majibu yakichelewa kwa sababu kichupa kinasema Nyamwiza na fomu inasema Nyamwisa, na maabara haiwezi kukisia. Piga picha fomu kwa simu kabla ya kuikabidhi.

Kuhusu kisu kusambaza ugonjwa: wengi mtaani wanaamini hivyo kwa sababu walimwona mtu akikatwa na baada ya miezi akafariki. Wengi wa hao walifika wakati ugonjwa umeshakwenda mbali, kinyama kikalaumiwa kwa kilichokuwa kimeshatokea. Zipo saratani chache, kama ya korodani au ya jicho la mtoto, ambazo daktari mwenyewe hachomi sindano kuchukua sampuli, na anajua sababu. Kwa nyingine nyingi, bila kinyama hakuna tiba ya uhakika, kwa sababu dawa huchaguliwa kufuata aina ya seli.

Majibu yamesema "hakuna seli za saratani zilizoonekana". Nishukuru Mungu niende zangu?

Shukuru, lakini soma sentensi nzima. Mara nyingi imeandikwa "katika sampuli hii". Kama sindano ilipita pembeni ya uvimbe, sampuli inaweza kuwa safi na uvimbe ukawa na neno lingine. Daktari analinganisha karatasi na alichokipapasa. Vikipishana, atarudia kipimo. Si kwamba anatafuta ugonjwa kwa nguvu. "Sampuli haitoshi" nayo si habari njema wala mbaya. Ni kazi ya kurudiwa.

Kuna mtego mwingine kwenye neno "chanya". Huku kwetu watu wengi wamelizoea kwenye kipimo cha VVU, kwa hiyo mama mwenye saratani ya titi akiambiwa majibu yake ya homoni ni chanya, machozi humtoka. Kumbe hiyo ni habari inayoongeza njia za tiba: saratani yake inategemea homoni, na dawa kama tamoksifeni, ambayo ni kidonge cha kumeza nyumbani, inaweza kumsaidia kwa miaka. Ukisikia chanya au hasi, uliza papo hapo: chanya kwa kitu gani, na kwangu mimi ni heri au shari?

Uvimbe, tezi, mtoki: ni kitu kimoja?

Si kimoja. Uvimbe ni kitu chochote kilichovimba, na vimbe nyingi si saratani, zikiwemo zile za kizazi ambazo wanawake wengi wanazo. Tezi ni sehemu ya kawaida ya mwili, si ugonjwa. Mtoki ni tezi ya limfu iliyovimba kwapani, kinenani au shingoni, na mara nyingi husababishwa na kidonda au maambukizi. Ukikaa wiki kadhaa bila kuuma na unaendelea kukua, uonyeshe.

Daktari ametaja "hatua ya tatu" na hapohapo "daraja la pili". Ni ipi?

Zote mbili, na hupima vitu tofauti. Hatua inasema ugonjwa umefika wapi mwilini. Daraja linasema seli zenyewe zina ukali gani zikitazamwa kwa hadubini. Mtu anaweza kuwa na saratani ya hatua ya kwanza yenye daraja la tatu: ni ndogo bado, lakini ina haraka.

Hatua huhesabiwa 1 hadi 4, na kwenye faili huandikwa kwa namba za Kirumi. Nyuma ya namba hiyo kuna herufi tatu utakazoziona zikiwa na tarakimu ndogo: T ni ukubwa wa uvimbe wenyewe, N ni tezi za jirani zilizoguswa, M ni kama umevuka kwenda kiungo cha mbali. M ikiwa na 0, haujaonekana kuvuka.

Mambo mawili hapa huchanganya sana. La kwanza: hatua hutajwa mwanzoni, ugonjwa unapogunduliwa, na kwa kawaida jina hilo halibadiliki. Aliyeanza na hatua ya pili, ugonjwa ukarudi baadaye kwenye mfupa, daktari atasema "hatua ya pili iliyorudi na kusambaa". Ndugu wanaosikia "ya pili" hudhani mambo ni mepesi, wanaahirisha safari ya hospitali. La pili: hatua ya nne si kitu kimoja kwa saratani zote. Kwa saratani nyingi za viungo ina maana kwamba kupona kabisa ni kwa nadra. Lakini limfoma ya Hodgkin, hata ya hatua ya nne, wengi hupona kwa kemo. Vivyo hivyo limfoma ya taya inayowapata watoto wa ukanda wetu wa malaria, ambayo daktari Denis Burkitt aliieleza akiwa Uganda mwaka 1958. Taya la mtoto huvimba kwa kasi ya kutisha, na akiwahishwa huweza kupona vizuri. Kwa hiyo namba peke yake haitoshi. Uliza: "Hatua hii, kwa saratani yangu mimi, maana yake nini?"

Ipo pia hali inayoitwa mabadiliko ya awali, hasa kwenye mlango wa kizazi. Nesi anapaka siki hafifu, sehemu yenye mabadiliko inageuka nyeupe. Hiyo bado si saratani. Inatibiwa kwa kugandishwa au kwa joto, mara nyingi siku hiyohiyo, na mama anarudi nyumbani kwa miguu yake.

Walisema ni saratani ya titi, sasa wanasema iko kwenye ini. Ana saratani mbili?

Ni moja. Mtu wa Kasulu akihamia Dar es Salaam hageuki Mzaramo, anabaki Muha. Seli za titi zilizohamia kwenye ini bado ni za titi, na hutibiwa kwa dawa za saratani ya titi. Ndiyo maana wataalamu hawasemi "saratani ya ini" hapo, na ndugu wakisikia majina mawili wasidhani daktari wa kwanza alikosea.

Daktari amesema "tutampa tiba". Nitajuaje kama ni tiba ya kuponya?

Kama utauliza swali moja tu kati ya haya yote, uliza hili. Neno "tiba" kwa Kiswahili chetu cha kawaida lina kupona ndani yake. Kwa daktari wa saratani, tiba ni chochote kinachofanyiwa ugonjwa, na malengo yake yako matatu: kuondoa ugonjwa kabisa, kuuzuia usiende kasi ili mtu aishi muda mrefu zaidi, au kupunguza mateso, kwa mfano maumivu na kutoka damu. Yote matatu yanaweza kufanywa kwa mashine ileile ya mionzi na kwenye kitanda kilekile. Kwa macho huwezi kuyatofautisha.

Sikiliza vitenzi. "Kuponya" na "kuondoa kabisa" ni lengo la kwanza. "Kudhibiti", "kurefusha" na "kuuzuia" ni la pili. "Kutuliza", "kupunguza makali" na "kumpa nafuu" ni la tatu. Hata ratiba husema kitu. Mama mwenye saratani ya mlango wa kizazi anayetibiwa ili apone hupata mionzi ya nje siku tano kwa wiki kwa wiki tano hivi, pamoja na mionzi ya ndani, na mara nyingi kemo kila wiki. Mwenye maumivu ya mfupa kutokana na saratani iliyosambaa anaweza kupewa mionzi mara moja tu, na kwa maumivu dozi hiyo moja kubwa husaidia sawa na nyingi ndogo. Familia zikiona "mara moja tu" hudhani ndugu yao kapunjwa. Hakupunjwa. Lengo lake ni lingine, ila hakuna aliyekaa nao kuwaambia.

Ninalisisitiza kwa sababu ya yale ninayoyaona vijijini. Familia inauza shamba la michikichi, inauza ng'ombe, inakopa kikoba, kwa kuamini wanakwenda kununua kupona. Kutuliza maumivu kuna thamani kubwa, nami nimelifanyia kazi jambo hilo na ninaliheshimu. Lakini mwenye shamba ana haki ya kujua anauza kwa ajili ya kitu gani. Uliza hivi, hata kama sauti inatetemeka: "Dokta, tiba hii lengo lake ni apone, au apate nafuu?"

Kuna maneno mengine ya tiba yanayopotosha hesabu za nauli. "Mizunguko sita ya kemo" si siku sita. Mizunguko mingi ni ya siku 21: dripu siku ya kwanza, kisha mwili unapumzika hadi mzunguko unaofuata. Sita ni kama miezi minne. Jipange malazi au safari za kurudi. Na "mwitikio mzuri" maana yake ni kwamba uvimbe umesinyaa. Ni jambo la kufurahia, lakini si sawa na kupona, na dozi zilizobaki zisiachwe.

Mbona daktari ananiuliza mimi "unafahamu nini kuhusu ugonjwa wako"? Kwani yeye hajui?

Anajua. Hivyo ndivyo walivyofundishwa. Mwaka 2000 wataalamu wa saratani wa Marekani na Canada walichapisha utaratibu wa hatua sita wa kutoa habari nzito, na sasa unafundishwa sehemu nyingi duniani: kuandaa mahali pa faragha, kuuliza mgonjwa anaelewa nini tayari, kuuliza anataka kujua kiasi gani, kueleza, kuipokea huzuni yake, kisha kupanga pamoja kitakachofuata. Swali hilo ni hatua ya pili. Mjibu kwa ukweli, hata kama jibu ni "nimesikia watu wanasema nimerogwa". Likifuata swali "ungependa nikueleze yote?", hapo ndipo pa kusema ndiyo, au "nieleze mbele ya mume wangu", au "leo hapana, njoo kesho". Yote yanakubalika.

Ndugu tumekubaliana mgonjwa asiambiwe. Je, tunakosea?

Naelewa upendo ulio ndani yake. Baba mkubwa ananiita pembeni, ananishika mkono, ananiambia: "Mwanangu, ukimwambia mama huyu utamuua kabla ya siku zake." Si watu wabaya. Hata madaktari wa Marekani walikuwa hivyohivyo: mwaka 1961 walipoulizwa, karibu tisa kati ya kumi walisema kwa kawaida hawamwambii mgonjwa kuwa ana saratani. Kufikia 1979 karibu wote walisema humwambia. Kwa hiyo usidhani kuficha ni desturi ya Kiafrika na kusema ni ya Kizungu.

Ninachokiona mimi wodini ni kwamba mgonjwa karibu daima anajua. Anaona namna mnavyonyamaza akiamka. Anaona mdogo wake aliye Mpanda amekuja ghafla. Mkimficha, anawaficha na yeye, na hapo kila mtu analia peke yake. Mzee hawezi kugawa shamba wala kusema nani amlee mjukuu. Mama hawezi kukubali au kukataa upasuaji ambao haujui. Na karatasi ya kuridhia upasuaji anatakiwa kuisaini yeye mwenyewe akiwa na akili timamu, siyo shemeji.

Kuambiwa si kumwagiwa yote kwa mara moja. Mwombeni daktari amwulize yeye anataka kujua nini. Wapo wanaosema "ongeeni na kijana wangu, mimi niombeeni tu." Huo ni uamuzi wake, na tunauheshimu. Uamuzi wa baba mkubwa peke yake si uamuzi wa mgonjwa.

Wametupeleka kitengo cha tiba shufaa. Ndiyo wamekata tamaa?

Hapana. Tiba shufaa ni kushughulikia maumivu, kichefuchefu, kukosa pumzi, hofu na mahangaiko ya nyumbani, na inaweza kuanza sambamba na kemo au mionzi tangu siku za mwanzo. Hapo ndipo utakaposikia neno mofini. Mofini ya kunywa ni dawa ya maumivu makali, hutolewa kwa kipimo, kwa kawaida kila baada ya saa nne, na hufunga choo, kwa hiyo huambatana na dawa ya kulainisha. Si sumu ya kumharakisha mtu, wala kuitumia kwa maumivu hakumfanyi teja. Usingoje maumivu yalipuke ndiyo umpe.

Na daktari akisema "hakuna la kufanya zaidi, mrudisheni nyumbani", mwombe akamilishe sentensi. Huenda anamaanisha hakuna la kufanya zaidi dhidi ya uvimbe. Dhidi ya maumivu lipo, dhidi ya kidonda kinachonuka lipo. Msiondoke bila dawa za nyumbani na namba ya simu ya kitengo.

Kabakiza muda gani?

Daktari akijibu, kwa kawaida anatoa wastani wa watu wengi waliowahi kuugua hivyo: nusu waliishi pungufu ya hapo, nusu zaidi, na baadhi zaidi sana. Mwanasayansi Stephen Jay Gould wa Marekani aligunduliwa saratani adimu ya utando wa tumbo mwaka 1982, ugonjwa ambao nusu ya wagonjwa walikuwa wakifariki ndani ya miezi minane. Aliishi miaka 20. Sisemi kila mtu atakuwa kama yeye. Nasema "miezi sita" si tarehe iliyoandikwa. Namna inayofaa zaidi ya kuuliza ni: "Ni siku, ni wiki, ni miezi au ni miaka?" Daktari anaweza kulijibu hilo kwa ukweli zaidi, na nanyi mnaweza kulipangia.

Matibabu yamekwisha. Mbona hawasemi "umepona"?

Watasema "haionekani" au "imetulia", kwa sababu vipimo havioni chembe chache zilizojificha. Kwa saratani nyingi hatari ya kurudi ni kubwa miaka ya mwanzo, ndiyo maana miaka mitano hutajwa sana. Si kwamba baada ya mitano unakufa, kama wengine walivyonielewa. Kliniki za kufuatilia ziendelee hata ukijisikia mzima.

Daktari kasema saratani yangu ya kizazi imeletwa na kirusi. Nina UKIMWI?

Kirusi hicho ni HPV, kingine kabisa. Kimeenea sana: wengi wa walioanza kujamiiana hukipata wakati fulani, na mwili hukiondoa wenyewe. Kwa wachache kinabaki, na baada ya miaka mingi huleta saratani. Kwa hiyo si ushahidi wa uasherati wako wala wa mume wako, na si juzi. Utapimwa VVU pia kwa sababu majibu yake hubadilisha mpango wa tiba, na wenye VVU wako kwenye hatari kubwa zaidi ya saratani hii. Chanjo ya HPV ilianza kutolewa nchini kote mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na tangu 2024 ni dozi moja kwa wa miaka 9 hadi 14. Kama una binti wa umri huo, ulizia shuleni au zahanati.

Bibi anaongea Kiha tu. Nani amtafsirie?

Mtu mzima anayeaminiwa naye, wa jinsia yake ikiwezekana. Msimtumie mjukuu wa kiume wa shule ya msingi kueleza kutokwa damu ukeni: mtoto ataruka maneno, na bibi hatataja kinachomuuma. Wauguzi wengi hapa wanazungumza Kiha, tuiteni. Mtafsiri aseme yote aliyosema daktari, asipunguze. Nimeshuhudia sentensi tano za daktari zikigeuka kuwa "amesema utapona". Vivyo hivyo kwa ndugu zetu wa Kongo na Burundi kule kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu: Kiswahili cha Kongo kina maneno yake, anayekizungumza asione haya kusema "sijalielewa neno hilo".

Watu wananiambia "pambana, usishindwe". Sitaki tena kusikia.

Una haki. Wengine lugha ya vita huwapa nguvu, waacheni nayo. Lakini anayefariki hakuwa mvivu wa kupigana, na anayechoka na kemo hajasaliti mtu.

Nimwambie daktari kwamba natumia dawa za mganga?

Ndiyo, na zitaje. Baadhi ya mitishamba hugombana na kemo au huumiza ini na figo, na daktari akiona figo zinachoka bila kujua sababu anaweza kusimamisha tiba. Mletee jina la mti au unga wenyewe kwenye karatasi. Akikufokea, bado ni heri amejua.

Niende kwa daktari na nini?

Daftari moja la mambo ya ugonjwa tu, na ndugu mmoja wa kusikiliza na kuandika. Kopi ya majibu ya kinyama ibaki kwako daima, kwa sababu hospitali inayofuata itaiomba kabla ya kingine chochote. Andika maswali kabla ya kuingia: ni saratani gani hasa, imefika wapi, lengo la tiba ni nini, itachukua muda gani na nitaumwa vipi, na nisipotibiwa itakuwaje. Usipoelewa jibu, sema: "Dokta, naomba nirudie kwa maneno yangu, unisahihishe." Kama gharama inakushinda, uliza ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali siku hiyohiyo, kabla hujaamua kurudi kijijini. Muda ukiisha na foleni ni ndefu, omba kurudi siku nyingine kwa ajili ya maswali yaliyobaki, na uandike jina la daktari na siku yake ya kliniki.